Mtoto wa Monasteri Alivyonipigia Makofi Mbele ya Pua

Afadhali mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa Pandya, maana Pandya akisimulia jambo analitia chumvi mpaka haliliki: ndiyo, ni mimi, Barasa, mzee mzima mwenye mabasi yake, niliyeshindwa na mtoto wa miaka tisa mbele ya ukumbi mzima kule Castle Vale, nikiwa nimekaa chini kama mtu anayechambua kunde, siagi ikinitiririka kichwani. Siagi ni kweli. Hilo la kwamba nililia si kweli, jicho liliingiwa na unga.

Msionijua mnijue. Shule niliiacha darasa la nne huko Kitale, Kiingereza changu nimekiokota barabarani na kwenye masinki ya kuoshea vyombo vya watu, lakini leo nina mabasi madogo yangu mwenyewe ninayokodisha hapa Birmingham, ya harusi, ya mazishi, ya safari za kanisa, na sijawahi kumwomba mtu hata kikombe cha chai. Sisemi hivi kwa kujisifu (haya, najisifu kidogo), nasema ili mjue niliangukia wapi na nilianguka kutoka urefu gani.

Mambo yalianza na mjukuu wangu Naliaka. Ana miaka kumi, anaishi Great Barr na mama yake, binti yangu Nekesa, ambaye ni nesi na anamlea peke yake, leo zamu ya mchana, kesho ya usiku, kwa hiyo akitoka shule mtoto anakuja kwetu Erdington, na huko ndiko vita vilikokuwa. Kiswahili anakielewa chote, hata kile tunachonong'ona jikoni, ila kujibu anajibu kwa Kiingereza, na jibu lenyewe ni moja tu: kwa nini. Naliaka, zima televisheni. Kwa nini, Kuka? (Kuka ni babu kwa Kibukusu chetu.) Msalimie mgeni kwa kuinama kidogo. Kwa nini, mbona yeye haniinamii? Sasa siku moja pasta yuko mezani kwangu, mimi nimefumba macho naombea chakula, namshukuru Mungu kwa kirefu, mtoto akaniuliza kwa sauti kwa nini namshukuru kila mtu isipokuwa Kukhu aliyekipika. Kukhu ni nyanya yake, mke wangu. Pasta alikohoa. Mimi nikasema yamefika mwisho, mtoto huyu anaenda shule ya bweni Kitale, kwa dada yangu, akafundishwe kwamba mzee akisema amesema.

Na sikulisema nyumbani tu. Nililitangaza kanisani wakati wa chai baada ya ibada, watu wakatikisa vichwa kwamba kweli watoto wa huku wameharibika, nikazidi kupanda moto. Nekesa alikuwa amechoka, macho mekundu, akasema, "Nitafikiria, Baba," na mtu aliyechoka hivyo akisema atafikiria ujue amebakiza kidogo akubali. Naliaka alilia, kisha akaacha kulia akawa haongei nami kabisa. Mke wangu hakunigombeza, alianza tu kuniwekea chakula kilichopoa.

Ndipo ikaja kazi ya watawa.

Mama mmoja wa Kiingereza, Bi Hilary, mwenye skafu ndefu na sauti ya mwalimu wa chekechea, alikodi basi langu Jumamosi moja kumbeba mtawa na watoto watatu kutoka nyumba waliyofikia, hapo hapo Erdington, hadi ukumbini Castle Vale. Ni watu wa dini ya Bon, dini ya kale ya Tibet, iliyokuwapo kule kabla ya dini ya Buddha kufika, ndivyo alivyonieleza, na monasteri yao iko milimani India, na watoto wamekuja kuonyesha watu jinsi wanavyolelewa na kusomeshwa huko. Mtawa mwenyewe wanamwita Geshe, ni cheo cha msomi wao, mtu wa umri wangu, kichwa kimenyolewa, joho la rangi ya damu ya mzee, uso wa mtu ambaye hajawahi kukosa usingizi.

Lakini mimi niliangalia watoto. Jamani! Waliingia kwenye basi wakafunga mikanda wenyewe, wakaweka mikono mapajani, macho mbele, midomo imefungwa, na kutoka Erdington hadi Castle Vale, kwenye mizunguko yote ile ya barabara ambayo mimi huikata kama kijana, hakuna aliyetoa hata pumzi ya kusikika. Mdogo wao, Nyima, pengo mbele, masikio makubwa, alikuwa ametulia hadi amekuwa wa kijivujivu. Nikajisemea, hii sasa ndiyo adabu.

"Watoto hawa wanaamka saa ngapi?" nikamuuliza Geshe.

"Kabla ya jua."

"Wanafagia?"

"Wanafagia, wanakariri maandiko, wanasoma hesabu na Kiingereza. Kila chumba kina mtawa mmoja wa kuwaangalia, anawafulia wadogo, anawashonea, akiugua mtoto analala karibu naye. Maana wazazi wako mbali sana, na huko kwao..."

Aliendelea, lakini mimi nilikuwa nimeshasikia nilichokitaka, na nikishasikia ninachokitaka masikio yangu hufunga duka. Tulipofika tu nikampigia simu Nekesa. "Mlete mtoto Castle Vale sasa hivi, aone wenzake wanavyokaa." Nikampigia mke wangu aje na watu wa kanisa, wote walionisikia siku ile ya chai. Nikampigia hata Pandya, mwenye duka la viungo Erdington, Mhindi mzaliwa wa Kisumu ambaye Kiswahili chake kinakimbia kuliko changu. Niliujaza ukumbi ule kwa mikono yangu mwenyewe, kumbukeni hilo, mashahidi wote wa aibu yangu niliwaalika mimi.

Sasa ukumbi wenyewe. Kwetu, shughuli yoyote ina meza kuu, na mtu wa rika langu hatafuti kiti, kiti kinamtafuta. Pale hapakuwa na meza kuu. Kulikuwa na safu za viti vya plastiki, na Bi Hilary akanionyesha kimoja safu ya tatu, nyuma ya mtu mwenye nywele nyingi. Mimi? Safu ya tatu? Nikatazama mbele, nikaona zulia dogo, na juu ya zulia mto mmoja mnene wa kukalia, mwekundu, mtupu, umewaelekea watu wote, na nyuma yake meza iliyofunikwa kitambaa, juu yake sadaka zao, vinara vya unga wa shayiri na siagi iliyotiwa rangi, vimechongwa maua na ndimi za moto, vizuri kama keki za harusi. Nikasema mahali pangu ndipo pale. Huo ndio uamuzi wote. Mengine yote yalifuata yenyewe.

"Samahani, huo mto ni wa..." akaanza Bi Hilary.

"Asante mama, nimeshauona," nikamwambia, nikaenda.

Kuketi kulihitaji watu wawili, maana goti langu la kulia lina historia yake, na nilipogusa chini lilitoa mlio likajifunga. Sikujali. Nilikuwa mbele. Mke wangu alikuwa ameingia, akaniona, akaniashiria kwa mkono niondoke pale. Nikamwashiria kwamba nimekaa vizuri.

Geshe akaja na watoto, akasimama, akanitazama kwa mshangao mkubwa na furaha kubwa zaidi.

"Umekaa hapa mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na utawajibu watoto?"

Nikaelewa kama yeyote wenu angeelewa, kwamba watoto wataniuliza mzee umefanikiwaje, na sisi tuwape neno. "Waulize mpaka wachoke," nikasema. Nikaona Naliaka na mama yake wameketi safu ya kwanza, nikaona hapo hapo nianze kabisa. Nikahutubia. Niliwaambia watu watazame watoto wa milimani, kimya kama maji ya mtungi, kwamba siri ni moja, mtoto aliyefundwa hamuulizi mzee maswali, na kwamba wapo watoto hapa Birmingham (nikamtazama Naliaka, Mungu anisamehe, hata kidole nilinyoosha) ambao bweni litawanyoosha. Watu wa kanisa wakapiga makofi. Naliaka akainamisha kichwa. Nekesa akawa anatazama viatu vyake.

Nikamaliza, nikasema, "Haya, watoto."

Nyima akaja mbele. Akavuta shanga zake mpaka kwenye kiwiko, akalifunga joho kiunoni, akarudi nyuma hatua kadhaa, kisha akanijia mbio, akainua mguu akaukita sakafuni, puu! na kiganja cha kulia kikashuka juu ya cha kushoto, paa! hapa, mbele ya pua yangu, upepo wake niliusikia kwenye kope.

"Mzee ni nini?" akapaza sauti kwa Kiingereza.

Nilimgeukia Geshe ili amchape huyo mtoto au walau amtoe nje. Geshe alikuwa ameketi pembeni, mikono magotini, anangoja jibu langu kama mtu anayengoja chai.

"Ndivyo tunavyosoma," akasema. "Anayeketi kwenye mto huo anajibu, anayesimama anauliza. Wanafanya hivi kila siku, na mimi pia huwa nakaa hapo. Sema tu unakubali au hukubali, na sababu yake."

Nikataka kuinuka. Goti likasema hapana. Nikasema haya, ni mtoto tu, wa miaka tisa, na mimi nimeshindana na mawakala wa bima.

"Mzee ni aliyeishi miaka mingi," nikajibu.

Puu, paa! "Kobe ameishi miaka mingi. Kobe ni mzee?"

Ukumbi ukacheka. Sauti ya Pandya niliitambua.

"Kobe si mtu! Mzee ni mtu aliyeishi miaka mingi."

Paa! "Mwizi aliyeishi miaka mingi ni mzee?"

"Ni mzee, lakini huyo haheshimiwi."

"Kwa hiyo si kila mzee anaheshimiwa. Unakubali?"

Nilitafuta njia kulia, nikatafuta kushoto. "Nakubali."

"Barasa, polepole!" Pandya akapiga kelele kwa Kiswahili. "Huyo anakupeleka kwenye kona!"

Paa! "Anayeheshimiwa anaheshimiwa kwa nini?"

"Kwa sababu ana hekima," nikasema, na niliona hilo ni jibu zuri, hata pasta aliguna kwa kuafiki.

"Mwenye hekima anaogopa swali?"

"Haogopi kitu."

Akarudi nyuma, akaja tena, mguu huo, mkono huo, na safari hii wenzake wawili wakaja naye, wote watatu wakipiga makofi kwa pamoja. "Wewe umesema mtoto asimuulize mzee. Kama haogopi swali, kwa nini lisiulizwe? Basi ama hana hekima, ama anaogopa. Ni lipi?"

Mimi nimehojiwa na maafisa wa uhamiaji, nimehojiwa na polisi wa barabara kuu usiku wa theluji, sijawahi kukosa la kusema. Basi nikasema neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kusema. Nikasema, "Kijana, unajua mimi nina mabasi?"

Nyima akafikiri. Kweli alifikiri, kwa heshima kabisa, kichwa upande. Paa! "Mwenye mabasi ni mzee?"

"Jibu, Kuka!" Hiyo ilikuwa sauti ya Naliaka. Alikuwa amesimama juu ya kiti. Na akina mama wa kanisa langu, niliowaita mimi, wakapiga vigelegele, wakimpigia yule mtoto.

Nikaona heri kuondoka. Nikanyoosha mkono nyuma nipate cha kushika nijivute, nikashika kitambaa cha meza, nikajivuta kwa nguvu zangu zote. Goti halikuja. Meza ndiyo iliyokuja. Vinara vya siagi na unga viliniteremkia kichwani kimoja baada ya kingine, ua jekundu likakaa kwenye upara, ulimi wa moto ukaingia kwenye kola, Bi Hilary akapiga ukunga, na mimi nikabaki nimeketi pale pale kwenye mto wangu, nimepambwa kama mimi ndiye sadaka.

Hakuna aliyecheka. Nadhani walidhani nimeiudhi dini ya watu, nami nilidhani hivyo hivyo. Nyima akanisogelea polepole. Akainua mguu, akaukita taratibu, akapiga makofi madogo tu, kama ya kumwamsha mgonjwa.

"Mwenye siagi kichwani ni mzee?"

Nikaufuta unga jichoni. "Sikubali," nikasema.

Basi Geshe alianguka ubavu kwa kucheka, na ukumbi wote ukafuata, na mke wangu, ambaye hakuwa amenichekea tangu ugomvi uanze, alicheka mpaka akamshika pasta asianguke. Nilipoanza kumwomba Geshe radhi kwa sadaka zake akafuta machozi akasema, "Hizo tukimaliza tunaziweka nje ndege wale. Leo ndege ni wewe."

Nikamwambia mimi nilidhani watoto wake wana adabu, mbona kwenye basi walikuwa kimya vile.

"Kwenye basi," akasema, na hapo alijitahidi sana asicheke tena, "walikuwa wanazuia matapishi. Unaendesha kwa kasi. Mtoto wangu akikaa kimya hivyo kule monasteri, namwita daktari."

Wakati watu wanakunywa chai mimi nilikuwa bado chini, nangoja goti. Nyima ndiye aliyekuja na beseni la maji ya moto na taulo, akapiga magoti, akanipangusa upara, masikio, hadi ndani ya kola, bila haraka, mkono wa mtu aliyezoea kuosha wenzake. Naliaka akaja akaketi karibu, akashika taulo lingine. Nekesa akasimama nyuma yao na kikombe chake.

"Nani alikufundisha kuosha watu hivi?" nikamuuliza mtoto.

"Mwenzangu mkubwa wa chumbani. Aliniosha mimi nilipofika, mimi naosha aliye mdogo kuliko mimi."

"Ulifika lini?"

"Nilikuwa sijang'oa jino. Kijijini kwetu hakuna shule. Baba alinibeba." Akakamua taulo. "Mama hakuja. Monasteri ni nzuri. Lakini kama shule ingekuwa karibu ningelala nyumbani."

Alisema hivyo tu, kama anayetaja hali ya hewa, akaendelea na sikio la kushoto. Sikumtazama Nekesa. Nilijua anajua ninachofikiri, na nilijua Great Barr ina shule, kubwa, ya matofali, unatembea kwa miguu ukifika bado chai iko moto.

Jioni niliwarudisha Erdington, mwendo wa mazishi, na watoto hawakunyamaza hata kidogo. Walicheka, waliimba, walibishana, Naliaka katikati yao anafundishwa namna ya kukita mguu. Tulipowashusha nikazima injini, tukabaki sisi watatu, mimi kwenye usukani, Nekesa kiti cha nyuma yangu. Naliaka akaja mbele, akasimama pale penye ngazi ya mlango. Akavuta mikono ya sweta. Puu! Basi likatikisika. Paa! mbele ya pua yangu.

"Kuka," akasema, na alisema kwa Kiswahili, chenye mawe ndani yake lakini Kiswahili, "mtoto wa kuuliza, lazima ataenda mbali?"

Nilimwona Nekesa kwenye kioo. Alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti.

"Sikubali," nikasema.

Paa! "Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

"Hiyo si sababu!"

"Kwa sababu," nikasema, na hapa ndipo jicho lilipoingiwa na unga uliobaki, "ukienda nyumba itakuwa kimya, na kimya chenyewe leo nimekielewa, ni cha mtu anayezuia matapishi."

Nekesa alicheka na kulia kwa pamoja, akaegemeza paji la uso kwenye kiti changu, na habari ya Kitale ikaishia hapo kwenye maegesho. Jumapili nililazimika kusimama kanisani wakati wa chai na kulifuta tangazo langu mwenyewe, mbele ya watu ambao tayari walikuwa na picha yangu na ua la siagi kwenye simu zao.

Sasa Naliaka akilala kwetu, asubuhi nikimwambia ale uji anakita mguu, nami lazima nitoe sababu, na sababu za uji si nyingi. Chakula changu kinakuja cha moto, na kabla ya kuombea namshukuru aliyepika, kwa jina. Pandya akiniona dukani anauliza hali ya kobe. Na nimeapa mbele ya mke wangu: nikiingia ukumbi wowote wa watu, ukiwa na mto mwekundu mtupu huko mbele, nitakwenda mwenyewe safu ya tatu, nyuma ya mtu mwenye nywele nyingi, kwenye kiti chenye miguu.